Mjini anaenunua kidogo ndo anaelipa zaidi

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme kidogo kuhusu maisha ya hapa mjini Unguja, maana kila ukikaa barazani maneno ni yale yale, vitu vimepanda, maisha magumu, na ni kweli vimepanda sibishi, lakini kuna jambo silisikii likisemwa na ndo linalotumaliza, nalo ni huu ununuzi wetu wa robo robo.

Simama duka lolote la mtaani magharibi ikikaribia, iwe Kwamtipura iwe Jang'ombe iwe Magomeni, utawaona watoto wamejipanga na vibakuli na chupa. Huyu katumwa mchele nusu, huyu sukari robo, huyu mafuta ya kupima, mwenye duka anachota kwa kile kikombe chake kidogo anamimina kwenye chupa ya maji ya zamani, halafu tungule mafungu mawili, nazi moja, kipande cha sabuni kilokatwa kwa kisu. Kesho jioni watoto wale wale wanarudi kununua vile vile. Mwenye duka simlaumu hata kidogo, na yeye kanunua polo, yani gunia zima, kalipa gari la kulileta, analipa pango na umeme, faida yake ataitoa wapi kama si kwenye ile robo.

Sasa tupige hesabu jamani. Chukulia kilo ya mchele dukani imezidi shilingi 300 tu kuliko ile inayotoka kwenye polo la kilo 50. Nyumba inayopika kilo 2 kwa siku inatupa 600 kila siku, kwa mwezi 18,000, kwa mwaka ni zaidi ya laki mbili, na hapo ni mchele peke yake sijagusa mafuta wala sukari wala unga wala mkaa wa kopo. Mwaka 2022 kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka 300,000 hadi 347,000, watu wakashukuru na ilikuwa haki kushukuru, lakini ile nyongeza ya 47,000 mtu anaenunua kwa kikombe inamtoka yote kwenye tafauti ya bei na hajala hata punje ya zaidi. Ndo maana nasema masikini wa mjini ananunua ghali kuliko tajiri. Alonacho anatia polo mbili stoo, anafunga mlango, mwezi mzima hasikii habari ya bei.

Mtu atasema basi nunueni polo. Kwa pesa ipi? Anaepata elfu kumi kwa siku akitoka kuuza mandazi hawezi kuitoa pesa ya polo kwa mkupuo mmoja, na hata akipata hana pa kuliweka, chumba kimoja watu watano na panya juu yake.

Sisi mtaani kwetu tulichofanya ni kuungana, nyumba saba. Upatu wanawake tunaujua tangu bibi zetu, lakini upatu wa kawaida unapewa pesa mkononi na pesa mkononi ina mambo mengi, mara sare ya harusi mara mgonjwa, ikifika jikoni imebaki nusu. Kwaiyo wetu haugawi pesa, unagawa chakula. Kila Ijumaa kila mtu anatoa alichoweza, kinaandikwa kwenye daftari mbele yake, pesa zinakaa kwa mmoja na daftari linakaa kwa mwengine, hili nalisisitiza kwa atakaetaka kuiga maana vikundi vingi vimevunjika kwa pesa na daftari kukaa nyumba moja. Mwisho wa mwezi wanakwenda wawili Darajani au Mwanakwerekwe kwa wauzaji wa jumla, wanaulizia maduka matatu manne kwanza, wanachukua polo za mchele, sukari, unga wa ngano, dumu la mafuta la lita 20, gari moja mnachangia nauli.

Kazi yenyewe iko kwenye kugawa. Mkeka unatandikwa uani, mizani tunaazima kwa jirani muuza nazi, na tunapima wote tukiwepo, hakuna kupimiwa hayupo. Mchele unapimwa kilo kwa kilo, mafuta kwa chupa ya lita, ulotoa kidogo unachukua kidogo, hakuna deni hata moja. Zikibaki zile chembe chini ya polo anapewa mwenye kuku. Kuna bibi mmoja anaishi na mjukuu wake, anapata ile pencheni jamii ya wazee wa miaka 70 iloanza 2016, yeye polo hatakaa alinunue maisha, lakini kwetu anachukua kilo zake tano kwa bei ile ile ya polo na anabakiwa na pesa ya dawa na ya tukuza, ule umeme wa kulipia kabla. Mie hilo peke yake lilinitosha kuona tuko kwenye njia.

Samaki hali kadhalika. Mnadani Malindi samaki anakwenda kwa tenga, wachuuzi na watu wa hoteli wanachukua kwanza, akifika mtaani keshapita mikono mitatu na kila mkono umeongeza chake. Tukitaka samaki anakwenda mmoja alfajiri na pesa ya wote, analeta tunagawana. Na dagaa wana wakati wao, wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mpevu hawapatikani na bei inaruka, basi giza likiingia tunachukua wengi tunaanika juani vizuri, siku za mbalamwezi tunakula hao hao kwa tui na ndimu. Na mashelisheli vijana wameyadharau sijui kwanini, msimu wake ukifika shelisheli moja kubwa la nazi linashibisha watoto wanne bila ya punje ya mchele.

Ramadhani ndo inaniuma zaidi. Kila mwaka wiki ya mwisho ya Shaabani mji mzima unaingia sokoni siku moja, muhogo, magimbi, ndizi, unga, sukari, halafu tunalia bei imepanda kama vile mwezi umetushtukia. Ramadhani inajulikana! Inawahi siku kama 11 kila mwaka, hilo mtoto wa madrasa anakwambia. Muhogo na ndizi huwezi kuziweka, sawa, lakini unga sukari na mafuta unaweza, na anaeanza kuweka elfu mbili mbili tangu Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, mpaka kufika Shaabani ana kitu cha maana bila kumkopa mtu. Wafanyabiashara wanaopandisha mwezi mtukufu nawaombea hidaya, kwa hilo siwatetei.

Sasa nyumba, na hapa kuungana hakusaidii, hapa nahitaji wakubwa wanisikie. Sensa ya 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi tulikuwa watu 593,678, sensa ya 2022 tukawa 893,169, yani karibu laki tatu wameongezeka ndani ya miaka kumi, na wote wanataka pa kulala, huku nyumba nyengine hasa Mji Mkongwe zimegeuzwa za wageni wa siku mbili tatu. Mwenye nyumba anataka miezi sita mbele, wengine mwaka, na dalali anataka mwezi wake. Nyumba nilokaa zamani mwenyewe alimwambia mwenzangu anaelipa mwaka mzima atampunguzia, sisi wa kulipa kwa shida tukabaki na bei ya juu chumba ni kile kile, choo ni kile kile. Unaona ni robo ile ile ya mchele. Ukisogea pembeni ya mji, Fuoni au Kinuni, kodi inapungua lakini nauli ya daladala asubuhi na jioni wewe na watoto wa skuli inaila ile nafuu, pigeni hesabu kabla hamjahama.

Ninachoomba ni hivi. Wenye nyumba wapokee miezi mitatu mitatu, mpangaji anaelipa kwa wakati ni amana si hasara. Wauzaji wa jumla mtu akija na daftari la kikundi wamuuzie kama wanavyomuuzia mwenye duka, pesa ni taslimu hatukopi. Masheha, viongozi wetu wa shehia, watutafutie pa kugawia wakati wa masika, maana mvua ya uani na mchele havipatani, hata darasa la skuli siku ya Jumapili linatosha. Na wewe Mhariri nakuomba kila Alkhamis ututolee bei ya polo, ya gunia la sukari na ya dumu la mafuta, za Darajani, Mwanakwerekwe na Chake Chake kule Pemba, hata kwa pembe ndogo ya ukurasa, ili Ijumaa tukikusanya pesa tujue tunakusanya kiasi gani.

Wasalaam,
Mama wa watoto wanne, jina nakuachia wewe,
Kwamtipura, Unguja