Somo, nimeona nyumba zilizohama na milango yake

Dunda, Bagamoyo
Jumapili baada ya alasiri, Agosti

Somo yangu,

Assalaam aleikum. Nimerudi salama kutoka Stockholm, Uswidi, na najua umeshanuna. Hii ni wiki ya tatu niko nyumbani na hujapata kwangu neno la maana, ila zile salamu za haraka za kwenye simu. Nisamehe. Mwanao, yaani huyu binti yangu, nimemwacha mzima, arobaini ametoka vizuri, na mtoto ana mashavu kama maandazi yaliyoumuka. Ile doti ya kanga uliyompelekea ndiyo anayombebea mgongoni. Wazungu wakipishana naye njiani wanageuka kuyatazama maandishi, hawaelewi hata herufi moja, na afadhali, maana wewe na majina yako ya kanga nakujua.

Habari za huko ni nyingi. Za magharibi ya mwezi wa Juni kuingia saa nne za usiku, na mimi nimekaa dirishani nalisubiri jua lizame kama nasubiri basi la mwisho, nitakusimulia nikija. Leo nakueleza jambo moja tu, na nyuma yake lina ombi, kwa hiyo usisome nusu ukakimbilia samaki jikoni.

Mwanao alinipeleka mahali panaitwa Skansen. Stockholm ni mji wa visiwa, tukapanda kivuko hadi kisiwa cha Djurgården, mimi nimekishika kigari cha mtoto kwa mikono miwili kama nahodha na usukani. Aliniambia Skansen maana yake ngome ndogo, nami nikajiandaa kuona kitu kama Ngome Kongwe yetu: kuta nene, giza, na mtu wa kukuonyesha walipofungwa watu. Kumbe ni kilima kizima chenye nyumba kama 150, na nyingi kati ya hizo hazikujengwa pale. Zilikuwa huko kwao, mashambani na vijijini kila pembe ya Uswidi, zikabomolewa kwa utaratibu, zikasafirishwa, zikasimamishwa upya juu ya kilima kile pamoja na vitanda, vyungu na miiko yake. Mpaka miti ya uani imepandwa kama ilivyokuwa kwao.

Aliyeyaanza hayo, Artur Hazelius, alikuwa mwalimu, kama mimi na wewe. Mwaka 1872 alikwenda jimbo la Dalarna akaona watu wanaacha mavazi yao, vyombo vyao na namna zao za kujenga, viwanda na reli vimeshawafikia. Akaanza kukusanya. Kwanza nguo, kisha makasha, kisha viti, na mwaka 1885 akanunua nyumba nzima kutoka Mora. Waza, mwalimu ananunua nyumba ya mtu, si kwa kuishi! Skansen ikafunguliwa kwa watu mwaka 1891. Mwaka uleule, Somo, Wajerumani walihamisha makao makuu yao kutoka hapa kwetu kwenda Dar es Salaam, na Bagamoyo ikaanza kupoa. Huko wanazihamisha nyumba ili zisife, huku inahamishwa serikali na nyumba zinaachwa. Nilicheka peke yangu, mwanao akadhani nimechoka.

Hiyo nyumba ya Mora ipo hadi leo, nikaingia. Mlango wake mfupi, unainama kama unayeingia kuomba radhi. Ndani ni magogo matupu yaliyolaliana, yamekatwa meno kwenye pembe yakashikana, na moto unawaka pembeni chumbani. Vitanda vimejengwa ukutani. Harufu ni ya moshi na lami ya mti, nikamkumbuka bibi na chetezo chake, sijui kwa nini, maana udi na lami havina undugu. Nyumba nyingine juu zimeezekwa kwa udongo wenye majani hai, chini yake magome ya mti yamepangwa maji yasipite. Sisi makuti, wao bustani juu ya paa.

Humo alikuwemo mama mmoja kavaa gauni refu la zamani na kilemba cheupe, anasokota sufu. Si sanamu, ni mfanyakazi, na ukimuuliza anakujibu kama mwenye nyumba. Nikamwambia mwanao amuulize: mnaihamishaje nyumba? Akasema kila gogo hutiwa alama kabla halijatolewa, upande gani, safu ya ngapi. Hubomolewa kuanzia paa kushuka chini, hujengwa kuanzia chini kupanda juu. Ukizifuata alama, nyumba inarudi ilivyokuwa.

Somo, nilinyamaza. Unajua nilichokikumbuka.

Wewe hukuwepo siku ile ya mlango, ulikuwa umeshaolewa Tanga. Bibi amekwisha kufariki, wazee wanavutana juu ya urithi, na mjomba ana deni la hospitali linalomnyima usingizi. Akaja mnunuzi na vijana watatu. Walikuwa na chaki. Wakaandika 1 kwenye mwimo wa kulia, 2 kwenye mwimo wa kushoto, 3 kizingiti cha juu, wakaendelea hadi mfaa, ule mti wa katikati, na mbao zake mbili. Wakaung'oa mlango wa babu kipande kwa kipande, ule wa mvule wenye minyororo ya nakshi, wakaufunga kwa magunia, ukapanda pikapu. Kazi ya saa tatu. Fedha ikagawanywa kwa warithi kumi na mmoja, na fungu la mama likatosha cherehani. Mjomba simlaumu tena. Nililaumu miaka mingi mpaka nikachoka.

Chaki ni ileile. Wale wa Skansen waliandika ili nyumba isipotee, na hawa wetu waliandika ili mlango upendeze mahali pengine.

Na mlango ukitoka kwenye nyumba ya matumbawe, kinachobaki hakina muda. Kile kizingiti kilikuwa kimebeba ukuta. Waliziba tundu kwa tofali za saruji, wakabakiza kimlango cha bati, wakapiga na plasta ya saruji juu ya chokaa ili papendeze. Fundi yeyote mzee wa hapa atakwambia saruji na chokaa hazisikilizani: ukuta wa chokaa unavuta unyevu na kuutoa, saruji inaufungia ndani. Masika ya kwanza plasta ikatoka vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua. Masika ya pili ukuta wa mbele ukalala barazani.

Mwanao akanitania, "Mama, na sisi tungezihamisha." Tungehamisha nini? Nyumba ya magogo ni kama kitanda cha kamba, unafungua, unabeba, unafunga. Nyumba ya matumbawe ni ugali. Mawe, chokaa na udongo vimeshikana vikawa kitu kimoja, ukivunja hupati vipande, unapata kifusi. Ile ya fito na udongo, hiyo hata haina haja ya kuhamishwa, unaijenga upya mwenye kujua akiwepo. Ndivyo walivyofanya Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam. Unakumbuka tulivyowapeleka watoto kwa lori, wakaingia kwenye msonge wa Wahaya na tembe la Wagogo, na yule wako wa darasa la tano akagoma kutoka kwenye msonge kwa sababu ndani kuna ubaridi? Zile hazikubebwa kutoka Bukoba wala Dodoma. Zilijengwa palepale kwa ujuzi wa kwao. Siku hizi ukisema Makumbusho watu wanajua stendi ya daladala tu. Mimi mwenyewe nashukia pale kila nikienda Dar, na sijaingia tangu siku ya lori lile.

Nisikuchoshe. Kipo na kighala cha mbao kilichotoka Norway, cha karne ya 14, ndicho jengo kongwe kuliko yote pale. Watu wanakipiga picha kwa heshima. Nikamwambia mwanao, msikiti wa Kaole ni wa karne ya 13, na haukuhamishwa hata hatua moja, kazi yake ni kulala palepale na makaburi yake na mibuyu, na wenyeji wa hapahapa hawajui njia ya kwenda. Akanijibu, "Na wewe mara ya mwisho lini?" Mtoto ana mdomo huyu, kaurithi kwako.

Wanyama nao wapo, dubu na mbwa mwitu. Niliwapita. Baridi ilikuwa imeniingia magotini.

Ila mtaa wa mafundi nilikaa. Kuna fundi wa kupuliza vioo, kuna wa kufinyanga, na kuna tanuri la mikate. Nikanunua kimkate cha mviringo, nikakiuma: iliki! Iliki tele, kama ya vitumbua vya Ramadhani. Nikakumbuka iliki ya Amani, kule milima ya Usambara, ile unayoniletea ikiwa imefungwa kwenye leso, na machozi yakanilengalenga kwa mkate, mtu mzima mimi. Mwanao akanunua vingine vinne tukala njiani.

Sasa nikwambie na lisilonipendeza, usije ukadhani nimerogwa na Ulaya. Jioni wale akina mama wa magauni wanazima moto, wanavua vilemba, wanakwenda kupanda tramu. Nyumba zinabaki safi mno. Hakuna mtu aliyewahi kugombana mle tangu zihamishwe, hakuna mtoto aliyekojoa kitandani, hakuna mchumba aliyekataliwa ukumbini. Nyumba isiyo na ugomvi mimi siiamini. Jengo lililonishika ni kanisa dogo la mbao la Seglora. Lilijengwa mwaka 1730, likahamishwa 1916, na hadi leo watu wanakwenda kufungia ndoa humo. Tulimkuta bibi harusi nje anashindana na upepo na shela lake, mama yake anamfokea. Hapo nikasema haya, hapa pana watu.

Nikasifu pia kwamba hawakubeba majumba ya wakubwa peke yake. Kuna jumba la tajiri mwenye mashamba lenye vyumba vya kupotelea, na kuna kibanda cha askari wa kijijini ambacho wewe usingelaza hata kuku. Vyote vinaonyeshwa. Nikawaza sisi tungechagua nini. Tungebakiza milango ya matajiri na Boma la Mjerumani, bila shaka. Mpagazi aliyetembea miezi na pembe la ndovu begani akafika hapa, kibanda alicholala kabla hajageuka kurudi Tabora au Ujiji nani angekiweka? Niliwafundisha watoto misafara kwa miaka thelathini na swali hilo sikuwahi kuliuliza darasani.

Haya, ombi lenyewe.

Juzi nilikwenda pale kwa bibi. Nilichukua daftari la hesabu, futi ya fundi na mjukuu wa kushika upande wa pili. Kuta za nyuma bado zimesimama hadi kifuani. Tumepima. Chumba cha mbele hakifiki mita tatu kwa upana, na vyote ni hivyohivyo, kwa sababu boriti ya mkoko haitaki kuvuka zaidi ya hapo. Tulilala mle miaka yote na sikuwahi kujua kwamba upana wa kitanda changu ulikatwa baharini. Nimechora kuta zote, baraza, ukumbi, vyumba, uwa, kisima. Kisha nikataka kuweka vitu mahali pake, nikakwama.

Mama anasema kidaka cha taa, kile kishimo cha ukutani, kilikuwa kushoto ukiingia ukumbini. Mjomba anasema kulia. Wamebishana tangu Ijumaa na sasa wananuniana, wazee wa miaka themanini. Mimi nikifumba macho naona taa, ukuta siuoni. Na kinu: mama anakiweka chini ya mkomamanga, mimi nakisikia upande wa kisima.

Wewe ulilala pale wiki mbili, ile likizo tuliyotoka chuoni pamoja, ukaamshwa kila alfajiri ukatwange na bibi kwa sababu alisema mikono yako ni ya mtu asiyejua kazi. Mgeni huona tusichokiona wenyeji. Ukitwanga, jua lilikupiga usoni au mgongoni? Ukitoka na kibatari usiku kwenda uani, ulikichukua kwa mkono upi? Kaa kidogo ukumbuke, usiniandikie la kunipendeza. Chora pia, hata kama mchoro wako utakuwa kama yule ng'ombe wako wa ubaoni ambaye watoto walimwita meza.

Tuma jibu kwa dereva wa basi, mimi nitalipokea stendi. Nikishapata jibu lako ndipo nitawaambia mama na mjomba, na atakayeshindwa atapika biriani. Nitakuja kwenu kabla ya vuli, kama mnavyosema wenyewe, waja leo waondoka majaliwa, kwa hiyo mwambie shemeji yangu asitandike kitanda cha siku mbili.

Wasalimie wote hapo Ngamiani, na yule jirani yako wa mikate ya kumimina umwambie sijamsahau.

Somo yako