Doria ije alfajiri, si saa tatu usiku

Mhariri,

Mimi ni mama lishe, Mbagala. Saa kumi alfajiri natoka na ndoo ya unga, simu nimeifunga kwenye khanga kiunoni. Mwezi uliopita vijana wa pikipiki walimpora pochi binti anayenisaidia, wakamburuza mpaka magoti yakachubuka. Hadi leo akisikia muungurumo anashika ukuta.

Tangu Panya Road, magenge ya vijana waporaji, walipotutikisa mwaka 2022, ulinzi shirikishi tunauchangia na mkaguzi wa polisi wa kata tunaye. Ila ratiba ya doria inapangwa bila sisi: wanakuja saa tatu usiku, wanakamata wacheza karata.

Namwomba mkaguzi aje kwenye mkutano wa mtaa, atusomee matukio yaliyoripotiwa, atusikilize kabla ya kupanga doria.

Mama Lishe,
Mbagala, Dar es Salaam