Simu za zamani zisiachwe nje ya huduma bila taarifa wala njia mbadala

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa simu tunakutana nalo karibu kila siku ya kazi, na ambalo kwa maoni yangu halijapewa uzito unaostahili na wale wanaotunga programu zinazotumiwa na wananchi, yaani benki, kampuni za simu, taasisi za serikali na watoa huduma wengine. Kila programu inapoboreshwa ili iende sambamba na simu mpya, simu kadhaa za zamani huachwa nje, na mara nyingi mwenye simu hupata habari hiyo siku ile ile anapoihitaji huduma. Sipingi maboresho hata kidogo. Ninachoomba ni kwamba kumwacha mteja nje kuwe uamuzi uliopimwa, uliotangazwa mapema na unaomwachia njia nyingine ya kupata huduma.

Mteja mmoja, mama anayefanya biashara ya dagaa pale Mwaloni Kirumba, aliniletea simu yake akiamini kuwa imeharibika. Kioo kilikuwa kizima, betri ilishika chaji na laini ilisoma vizuri. Tatizo lilikuwa programu ya benki yake, ambayo ilimtaka asasishe kwanza ndipo aingie. Akibonyeza palipoandikwa "Sasisha", duka la programu linamjibu kwamba programu hiyo haiendani na kifaa chake. Nilifungua Mipangilio, nikaingia Kuhusu simu, nikamwonesha kuwa simu inatumia Android 6, toleo la zamani la mfumo wa Google unaoendesha simu, na kwamba sasisho la mwisho la usalama lilikuwa la mwaka 2017. Akaniuliza, "Sasa fundi, hapo unabadilisha nini?" Jibu la kweli lilikuwa kwamba hakuna kipuri cha kubadilisha. Simu nzima na nzuri, ambayo aliinunua kwa fedha ya kuungaunga, ilikuwa imefungiwa mlango kutoka ofisi ambayo yeye hajawahi kuiona.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye simu ya aina hiyo amezembea kusasisha. Mara nyingi sivyo. Google wanapotoa toleo jipya la Android, toleo hilo haliendi moja kwa moja kwenye simu ya mtu. Mtengenezaji wa chipu hutakiwa kutoa programu za kuiendesha chipu yake ndani ya toleo hilo jipya, kisha kampuni iliyounda simu hulirekebisha lilingane na modeli yake, hulijaribu, na ndipo hulituma kwa wateja. Mmoja wao akiona kwamba modeli ile haimlipi tena, kazi huishia hapo, na mnunuzi hana la kufanya hata awe na bando la kutosha na nia njema kiasi gani. Kuna mafundi wanaoflashi, yaani wanaofuta mfumo wa simu na kuweka mfumo mbadala kama LineageOS, lakini mfumo huo umetengenezwa kwa modeli chache, na simu nyingi za bei ya chini zinazouzwa kwetu hazimo.

Inafaa pia ieleweke kwamba muda wa kuihudumia simu unategemea sana utashi wa kampuni. Apple, ambao hutengeneza simu pamoja na mfumo wake, walitoa sasisho la usalama kwa ajili ya iPhone 5s mnamo Januari 2023, ilhali simu hiyo iliingia sokoni mwaka 2013. Fairphone, kampuni ndogo ya Uholanzi isiyo na uwezo hata wa kukaribiana na ule wa Apple, iliendelea kuihudumia Fairphone 2 ya mwaka 2015 hadi mwaka 2023, ingawa mtengenezaji wa chipu yake alikuwa ameshaacha kuishughulikia. Google kuanzia Pixel 8 ya mwaka 2023, na Samsung kuanzia Galaxy S24 ya mwaka 2024, wameahidi masasisho ya miaka saba. Nazifurahia ahadi hizo, ila ni za simu za bei ya juu. Anayenunua simu ya bei ya chini, pengine kwa kulipa kidogo kidogo kila siku, haahidiwi muda kama huo, na hata Android Go, toleo jepesi lililobuniwa kwa ajili ya simu zenye memori ndogo, limepandisha kiwango chake: mwaka 2017 lilitangazwa kwa simu zenye RAM ya GB 1 au pungufu, lakini kufikia Android 13 simu ilitakiwa kuwa na angalau GB 2.

Najua hoja ambayo benki watanijibu nayo, na ni hoja nzito. Simu isiyopokea masasisho ya usalama ni hatari. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina la Stagefright, iliyogusa Android kuanzia toleo la 2.2 hadi 5.1, ambapo ujumbe mmoja wa picha ungeweza kumpa mhalifu nafasi ya kuingia ndani ya simu. Ni kasoro hiyo iliyowafanya Google waanze kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Benki ikisema kwamba haiwezi kuacha fedha za wateja zipite katika simu yenye matundu kama hayo, nitaikubalia. Lakini iseme hivyo, na itofautishe sababu hiyo na sababu nyingine. Si kila toleo linaloachwa huachwa kwa ajili ya usalama. Nyakati nyingine mtunzi ameongeza picha zinazotembea katika ukurasa wa kwanza, au ametumia zana mpya iliyomrahisishia kazi na isiyofanya kazi chini ya toleo fulani, naye akapandisha kiwango cha chini bila kuuliza ni wateja wangapi watakaobaki nje. Programu ya kuangalia matokeo ya mitihani, ratiba ya meli au bei za mazao haina sababu ya kuikataa simu ya mwaka 2016.

Hapa napenda kueleza kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kinaonesha kinachowezekana pale watu wanapojali. Tovuti nyingi duniani hutumia vyeti vya usalama, yaani uthibitisho kwa simu kwamba tovuti ni ile inayojitaja, vinavyotolewa bure na taasisi ya Let's Encrypt ya Marekani. Simu huviamini vyeti hivyo kwa kuangalia orodha ya wadhamini iliyowekwa ndani yake tangu ilipotengenezwa. Let's Encrypt ilipoanza ilikuwa changa na haikuwamo katika orodha za simu zilizokuwapo, kwa hiyo ilidhaminiwa na taasisi kongwe zaidi, IdenTrust, ambayo cheti chake kingefikia ukomo mwishoni mwa Septemba 2021. Novemba 2020 Let's Encrypt wakatangaza kwamba cheti hicho kitakapokoma, simu za Android zilizo chini ya toleo la 7.1.1 zitashindwa kufungua tovuti hizo. Na simu za namna hiyo, kwa takwimu walizokuwa nazo, zilikuwa takriban theluthi moja ya simu zote za Android. Wangeweza kuishia hapo na kuwaambia watu wanunue simu mpya. Badala yake walirudi mezani, wakatumia jambo ambalo ni mafundi wachache wanaolijua, kwamba Android haiangalii tarehe ya ukomo ya mdhamini aliyemo katika orodha yake, na mwezi uliofuata wakatangaza kuwa IdenTrust wamekubali kuwadhamini kwa miaka mitatu zaidi. Simu hizo ziliendelea kufungua tovuti kama kawaida, na wengi wa wenye nazo hawakujua kabisa kwamba kulikuwa na tatizo. Wakati huo huo tovuti hazikukosa lolote jipya kwa ajili ya simu mpya.

Watunzi wetu wa programu wanao uwezo wa kufanya mambo ya aina hiyo kwa kiwango chao. Programu inaweza kuiuliza simu kama ina uwezo fulani, mathalani alama ya kidole au kamera ya kusoma msimbo, na ikikosa imwoneshe mteja njia ya namba ya siri, badala ya kuangalia namba ya toleo na kumfukuza. Maktaba za programu, yaani vipande vilivyokwisha kuandikwa ambavyo Google huwapa watunzi wavitumie, zimetengenezwa makusudi ili jambo jipya lipate namna ya kufanyika katika Android ya zamani. Duka la Google Play nalo linaweza kumpa kila mteja kifurushi kinacholingana na simu yake, hivyo mwenye simu ndogo halazimiki kupakua picha kubwa zilizokusudiwa kioo cha simu ya gharama. Pia wapo watakaofaidika kwa jambo dogo tu: toleo la mwisho linaloiwezea simu ya zamani liachwe lifanye kazi ya kuangalia salio na taarifa za akaunti, hata kama kuhamisha fedha kumezuiwa kwa sababu za usalama. Kazi hiyo ina gharama yake. Kuna majaribio ya ziada ya kufanya, na kuna simu tano au sita za zamani za kuwekwa ofisini kwa ajili ya majaribio hayo. Simu hizo ziko tele katika vibanda vya mafundi, na bei yake hata mtunzi anayejitegemea anaimudu.

Njia mbadala nayo tunayo tayari, na inanisikitisha kuiona ikipuuzwa. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na hapa Tanzania mwaka 2008, mamilioni ya watu wametuma na kupokea fedha kwa kupiga namba za menyu kama *150*00# kwenye kitochi chochote chenye laini. Menyu hiyo haiulizi toleo la Android wala haihitaji bando. Siku hizi naona huduma mpya zikiwekwa ndani ya programu peke yake, na menyu ikiachwa na vipengele vile vile vya miaka iliyopita. Huduma yoyote ambayo mwananchi hawezi kuikwepa, iwe ya kulipia ada, maji, umeme au kodi, ibaki kupatikana kwa menyu, hata programu iwe nzuri kiasi gani.

Kuhusu taarifa, WhatsApp ilipoacha kufanya kazi katika simu zilizo chini ya Android 5.0 tarehe 1 Januari 2025, wenye simu hizo walikwisha kuambiwa kabla ya siku hiyo, lakini waliosoma habari hiyo ni wale wanaofuatilia mitandao. Waliokuwa na vitochi vyenye mfumo wa KaiOS walipata pigo kubwa zaidi, kwa sababu wengi walivinunua mahsusi kwa ajili ya WhatsApp, nayo ikaondolewa katika duka la simu hizo Juni 2024 na kusitishwa kabisa mwanzoni mwa 2025. Nchi yetu inajua namna ya kutoa taarifa ikiamua. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilipopanga kuzifungia simu bandia mwezi Juni 2016, ilianza kutangaza tangu Desemba 2015. Redio zilisema, magazeti yaliandika, na kila mtu alielekezwa kupiga *#06# ili aone IMEI, yaani namba ya utambulisho wa kifaa, na kuituma namba hiyo kwenda 15090 ili ajue hali yake. Miezi sita hiyo ilimpa mtu muda wa kujipanga. Ikiwa simu bandia zilipewa miezi sita, mwenye simu halali anastahili angalau muda huo huo.

Mwisho niseme kuhusu dukani, kwa kuwa tatizo huanzia pale. Tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria ya Uingereza inamtaka mtengenezaji wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti aeleze bayana muda wa chini ambao kifaa chake kitapokea masasisho ya usalama. Umoja wa Ulaya nao, kuanzia tarehe 20 Juni 2025, umeweka kanuni kwamba masasisho ya mfumo wa simu yanayotolewa yawafikie wenye nazo bila malipo kwa muda usiopungua miaka mitano tangu modeli ilipoacha kuingizwa sokoni, na kwamba mafundi wapate vipuri muhimu kwa miaka saba. Mnunuzi wa hapa anaoneshwa ukubwa wa betri na idadi ya kamera, kisha anaondoka dukani bila kujua kwamba modeli aliyobeba ni ya miaka mitatu nyuma na huenda masasisho yake yameshakoma. TCRA, ambayo ndiyo huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa, ikishirikiana na Tume ya Ushindani, iagize kwamba kila boksi la simu liandikwe kwa Kiswahili mwezi na mwaka wa mwisho wa masasisho ya usalama, na muuzaji wa simu za mtumba alazimike kumwonesha mteja ukurasa wa Kuhusu simu kabla ya kupokea fedha.

Wakati hilo likisubiriwa, benki na kampuni za simu hazihitaji sheria yoyote ili zianze. Zibandike katika kila tawi na kwenye meza ya kila wakala karatasi inayotaja toleo la chini la Android na la iPhone linalokubaliwa na programu yao, tarehe ambayo kiwango hicho kitapanda, sababu ya kukipandisha, na namba ya menyu atakayotumia mteja ambaye simu yake haitafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa simu,
Mwanza.