Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitivo: tufungulie darasa letu la Alhamisi

Mheshimiwa Mkuu, shikamoo.

Naandika huku hadharani sababu barua tatu nimeleta ofisini kwako, zikagongwa muhuri, kimya. Alhamisi nimetoka kazini nimepanda daladala mbili, nafika nakuta kufuli na karatasi mlangoni, kozi ya wanahistoria wa Ugiriki ya kale imefutwa, wanafunzi wachache. Tuko tisa. Mwezi wa tatu ulisimama mbele yetu hawa hawa tisa ukasema kozi haiguswi mpaka tumalize, na ada tukalipa kwa neno lako hilo.

Nasikia kuna mtu kakwambia haya mambo ya kale hayana ajira, labda ndo sababu. Mkuu, mimi nafundisha uraia sekondari. Mtoto wa kidato cha pili aliniuliza, mwalimu, demokrasia inakufaje? Kitabu cha kiada hakina jibu, jibu nililipata kwenye darasa hilo ulilofunga. Thucydides, mmoja wa wanahistoria hao, anasimulia mji wa Athene mwaka 411 KK, wanaopinga wanauawa, hakuna anayechunguza, mkutano wa wananchi bado unakaa kama kawaida ila wanaoongea ni wale waliopanga njama tu, kila mtu anamuogopa jirani yake, mwisho wananchi wakaitwa Kolonos nje ya mji wakapitisha wenyewe nchi iende kwa watu 400. Wenyewe! Niliwasomea wanafunzi wangu, yule anayesinziaga dawati la nyuma akainua kichwa akauliza, sasa kwa nini hawakukataa? Tulibishana mpaka kengele ikagonga hakuna aliyetoka.

Na Polybius, mwanahistoria mwingine wa Kigiriki, tumemuacha njiani. Mtu kapelekwa Roma mwaka 167 KK na Wagiriki wenzake kama 1,000, mateka, akakaa huko anaandika jinsi ufalme unavyooza ukawa udikteta, utawala wa wachache wema ukageuka wa wachache walafi, demokrasia ikaishia fujo, mzunguko unaanza upya. Ndo tulikuwa tunaingia pale anapoeleza Roma iliwezaje kuchelewesha huo uozo kwa kuchanganya makonsuli (wale viongozi wakuu wawili), seneti na wananchi. Hapo hapo ndo mmefunga!

Mkuu, rudisha kozi, uliahidi. Kama hela ya mwalimu haipo basi tuachie chumba na lile kabati la vitabu, tutasoma wenyewe, hata cheti msitupe. Alhamisi saa 12 jioni tutakuwa mlangoni wote tisa, naomba tu mlinzi apewe ufunguo.