Barafu ya kabureta ifundishwe kwa vitendo

Mhariri,

Marubani wa ndege ndogo huogopa dhoruba, lakini injini inayofifia mchana mweupe, mbingu safi, ndiyo huwakuta hawajajiandaa. Mara nyingi chanzo ni barafu ndani ya kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Petroli ikigeuka mvuke na hewa ikipita penye koo jembamba, joto humo hushuka kwa nyuzi 20 au zaidi. Hivyo hata nje kukiwa na nyuzi 25, unyevu ukiwa mwingi, barafu huganda. Kwa propela isiyobadilishwa pembe, dalili ya kwanza ni mizunguko ya injini kushuka polepole, kisha mtetemo.

Ukiiona, vuta kishikio cha kuingiza hewa ya moto kwenye kabureta mpaka mwisho, si nusu. Hapa ndipo wengi hukosea: barafu ikiyeyuka, maji huingia kwenye silinda, injini hukohoa zaidi, na rubani kwa hofu hukirudisha. Asikirudishe! Asubiri mizunguko ipande, huku akishika mwendo salama na kutafuta pa kutua.

Nawaomba wakufunzi walirudie zoezi hili, hasa kabla ya kupunguza nguvu ili kushuka. Nguvu ikipunguzwa, vali ya kabureta hukaribia kufungwa, na barafu hukamata haraka.

Mdau wa usafiri wa anga