Malalamiko kuhusu mbao za msaji mlizoniuzia kwa jina la kavu

Mkerezaji wa mbao,
Chumbageni, Tanga.

Kwa Meneja Mauzo,
Bohari ya Mbao,
Tanga.

YAH: MBAO 8 ZA MSAJI ZILIZOUZWA KAMA ZIMEKAUSHWA TANURINI

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 11 Machi nilinunua kwenu mbao 8 za msaji (mti wa tiki), inchi 2 kwa 6, futi 12, kwa shilingi 520,000. Kijana wa dirishani aliandika kwenye ankara, na mkagonga muhuri juu yake: "Zimekauka tanurini, unyevu 12%." Nje ya bohari yenu zilikuwepo mbao za msaji huohuo zilizoanikwa tu kivulini, bei yake nafuu. Sikuzichukua. Nililipia yale maandishi.

Nilipopiga simu mara ya kwanza kulalamika kwamba zimesinyaa na kuniharibia kazi niliambiwa, "Mzee wangu, mbao ni mbao, hata milango inabana masika." Mara ya pili nikaletewa ujumbe kwamba mti unapumua. Najua unapumua, nimeishi nao karakana moja miaka mingi. Lakini mimi si fundi milango, na naomba mnivumilie nieleze kazi yenyewe, maana naona hapo ndipo tusipoelewana.

Kilichoharibika ni fundo. Hoteli moja ya Unguja iliniagiza sanamu ya kuweka mapokezi: kamba ya jahazi iliyojifunga yenyewe, isiyo na ncha. Kamba ya namna hiyo ukiichonga katika gogo moja haidumu, kwa sababu kila inapojipinda nyuzi za mti zinakatika kwa upana, na inavunjika mkononi. Inabidi ijengwe. Natengeneza kwanza pete nene, mfano wa ngata wanayojitwikia kina mama. Kila pete ina tabaka nne, kila tabaka vipande 24, na pete zilikuwa tano. Vipande 480 kwa jumla. Kila kipande kinakatwa ncha zote mbili kwa pembe ya nyuzi 7.5, na upande wake wa nje unabaki na urefu wa milimita 53 hivi, ili pete ifikie kipenyo cha sentimita 40. Nikikosea sehemu moja ya kumi ya uzi kwa kila mkato, mikato 48 ya tabaka moja inanikusanyia karibu nyuzi tano, na duara halifungi. Tabaka zinapandana kama matofali, kiungo cha juu kikikaa katikati ya kipande cha chini. Gundi ikishashika, pete inapanda kerezoni, mashine inayozungusha mti huku patasi ikiuchonga, na kukerezwa ndani na nje, mpaka mahali popote utakapoikata, uso wa mkato uwe duara la milimita 70.

Hapo ndipo naikata pete katikati, nachukua nusu, naizungusha robo mzunguko, naiunga na nusu ya pete nyingine. Nusu kumi zilitoa fundo langu. Ukilitazama huoni kiungo kilipo, unaona vipande vinakimbizana kama ukili wa mkeka.

Ulikuwa huoni, niseme.

Wiki ya saba baada ya kulifikisha Unguja niliitwa. Mwenye hoteli alipitisha ukucha juu ya kiungo, ukakwama, akanitazama bila kusema neno. Bora angenifokea. Nilipopima kwa venia, kipimo changu cha unene, ile kamba ya milimita 70 ilikuwa 68.8 kwa upana na 69.4 kwa unene. Duara limekuwa yai. Msaji unapopoteza maji haupungui kwa urefu wa nyuzi zake, au unapungua kidogo mno usiweze kuona. Ila kwa upana, ubao uliopasuliwa kama huu wenu husinyaa takriban mara mbili ya unavyosinyaa kwa unene. Kwa mlango hilo si kitu, fundi atapiga randa. Kwangu mimi nusu moja imegeuzwa robo, kwa hiyo penye kiungo upana wa nusu hii unakutana na unene wa nusu ile, na tofauti yake inabaki wazi kama ngazi. Halafu, kipande kilichopungua upana bila kupungua urefu hakina tena pembe niliyokipa. Viungo vimeachama upande wa ndani wa pete huku vya nje vimebanana. Mahali pawili nyuzi za mti zimechanika pembeni mwa mstari wa gundi, gundi yenyewe ikiwa imeshika. Nalitaja hili kwa sababu kijana wenu alishaanza kuniuliza gundi gani nilitumia.

Mtasema ni viyoyozi vya hoteli. Niliwaza hivyo kabla yenu. Lakini kwenye meza ileile ya mapokezi kuna bakuli langu la vipande vya mninga, ambao niliukausha mwenyewe darini kwa miaka miwili, na halina hata ufa wa kupitisha karatasi. Upepo wa kiyoyozi ni mmoja.

Niliporudi Tanga nilikwenda kwenye mbao tatu zilizosalia, ambazo zilikuwa bado zimefungwa kama mlivyonipa. Kipima unyevu changu cha sindano kilisoma asilimia 13 usoni mwa ubao. Kilisoma hivyohivyo siku niliyonunua, ndiyo maana nikaridhika. Safari hii nilikata katikati ya ubao, mbali na ncha, nikachukua kipande cha moyoni, nikakipima: gramu 244. Nikakiweka kwenye oveni ya jirani anayeoka mikate, nyuzi joto 103, nikawa nakitoa na kukipima mpaka uzito uliposimama kwenye gramu 200. Gramu 44 za maji kwa 200 za mti mkavu ni asilimia 22. (Jirani ananidai mikate ya siku nzima, na hilo siwadai ninyi.)

Kwa maoni yangu tanuri lenu lilikimbizwa. Moto ulikausha ngozi, moyo ukabaki mbichi, na mpimaji, kama alikuwepo, alipima ngozi. Dalili niliiona nikaipuuza: nilipokuwa napasua mbao kwa unene kupata tabaka, ubao ulibana msumeno mara tatu. Ubao uliokauka sawasawa haufanyi hivyo. Nilikuwa na tarehe ya meli, nikasema twende. Kosa hilo ni langu, na kwa sababu yake siwadai muda wangu wote.

Ninachodai ni hiki. Mnirudishie shilingi 520,000 za mbao zote nane, na zile tatu zilizobaki mje mzichukue. Mnilipe pia shilingi 180,000 za nauli na usafirishaji wa sanamu, kwenda na kurudi. Kazi ya mikono ya wiki tano nitaibeba mwenyewe. Tena mniandikie, si kwa simu, jinsi mlivyoipata hiyo asilimia 12 iliyo kwenye ankara: mlipima ubao gani, wapi, kwa kipimo gani. Kama hamkupima, andikeni hivyo.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake. Nanyi maelezo mliyaandika wenyewe. Nawapa siku 21 tangu mpokee barua hii kabla sijaipeleka Tume ya Ushindani. Nisingependa kufika huko, kwa kuwa msaji wenu kwa sura ni mzuri, rangi yake imetulia na mafundo ya matawi ni machache, na hapa mjini sina pengi pa kuupata wa namna hiyo.

Ubao niliokata sampuli nimeufunga nailoni pande zote, umelala chini ya meza ya kerezo. Mtumeni mtu na kipimo chake, akate mwenyewe mahali atakapochagua. Asubuhi nipo kila siku isipokuwa Ijumaa. Fundo nalo lipo, limening'inia kwenye boriti, alipapase.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mwenye ankara ya tarehe 11 Machi

Viambatisho: nakala ya ankara, picha sita za viungo, karatasi ya vipimo vya uzito.