Huyu dada wa chai apewe kofia

Mhariri, naomba kanafasi kwenye gazeti lako, mi ni msomaji wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza.

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp imerudi tena ile stori ya Japani, treni inasimama kila siku kwa ajili ya binti mmoja anayewahi shule, eti stesheni haifungwi mpaka ahitimu, watu wakamwaga makopakopa weee. Stesheni ilikuwepo kweli, Kyu-Shirataki kule Hokkaido, ikafungwa Machi 2016. Ila Machi ndo wanafunzi wa kule wanamaliza mwaka na ndo reli za kule zinabadili ratiba, so hiyo ya kumsubiri ahitimu imeongezwa chumvi. Mi naipenda ya paka.

Kuna kituo kinaitwa Kishi, hukohuko Japani, mkoa wa Wakayama, mwisho wa kareli ka kilomita 14 hivi. Kalikuwa kanakula hasara, wenye nako wakataka kukaacha, wananchi wakapiga kelele, 2006 ikaja kampuni nyingine ndogo ambayo nayo ili kubana matumizi ikaondoa wafanyakazi stesheni. Akabaki mwenye duka la jirani na paka wake, na kibanda cha paka nacho kikatakiwa kiondolewe (bomoabomoa kumbe haiko kwetu tu). Akamwomba bosi wa reli paka wahamie stesheni. Bosi kumwona mmoja anaitwa Tama, Januari 2007 akampa ustesheni masta! Kofia kabisa, mshahara msosi wa paka. Watu wakawa wanapanda treni kwenda kumwona, 2010 jengo likajengwa upya paa lina sura ya paka. Tama alikufa 2015, kiti kikarithiwa na paka mwingine.

Sasa nije kwetu. SGR, reli ya kisasa, tunayo tangu 2024 na nashukuru, ila kwa bibi yangu, magharibi ya Dodoma, inapita ile ya Mjerumani iliyofika mjini hapa 1910. Jina la stesheni silitaji. Siku hiyo nilimsindikiza mama mdogo na gunia lake la ubuyu, benchi moja na limevunjika, kivuli ni mwarobaini mmoja tu, basi jua likisogea abiria wote tunanyanyua mizigo tunahama nacho, tukifika upande wa pili tunaangaliana tunacheka. Ubao wa ratiba una maandishi ya chaki hata hayasomeki. Anayejua treni imefika wapi ni dada wa chai, kwa sababu binamu yake anauza mihogo stesheni ya nyuma, wanapigiana simu. "Imetoka sasa hivi, kunyweni chai kwanza, bado lisaa." Na kweli, lilipita lisaa kasoro tukasikia honi.

Mi siombi jengo lenye sura ya paka, wala ya mbuzi, ingawa kwa Wagogo mbuzi angependeza. Naomba wahusika wamwone huyo dada, apewe rifleketa, vocha ya mwezi, na bati nne abandike kivuli cha abiria pale pale anapochemshia chai yake, yeye atangaze treni maana tayari anaitangaza bure. Chaki za ubao nitanunua mimi.

Msomaji wenu,
Chang'ombe, Dodoma